Bundi wetu wa Pemba mtamchezea spika mpaka lini?

Assalamu alaykum wanajukwaa. Tangu Jumamosi nimekaa na hasira hizi moyoni, leo nazitoa.

Mimi ni mtu wa Wete. Nikipata wasaa nabeba kamera yangu naingia msituni kutafuta ndege, na si jambo la jana wala juzi. Kisiwa chetu hichi kina ndege wanne ambao huwapati pahala pengine popote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi wa Pemba. Ninga mfuate kwenye mti wenye matunda, chozi kwenye maua, tulia, watakuja wenyewe. Bundi ndiye kazi. Kadogo, hakazidi shubiri, na mchana kanajibana kwenye majani mazito unapita chini yake hujui. Picha yangu ya kwanza ya bundi niliipata jioni ya tano ya kukaa pahala pamoja.

Sasa Jumamosi. Magharibi nimeshaswali, nimeegemea mti mmoja wa mjoho katika msitu ambao sitoutaja. Nikamsikia dume: hu. Kimya. Hu. Jike akamjibu kutoka upande wa mipapindi, ile miti ya msituni ya jamii ya mnazi. Kamera hata sijaigusa, nasikiliza tu.

Mara gari. Wakashuka watu sita na malenzi yao marefu, pamoja na kijana wa kuwatembeza, Mpemba mwenzetu. Akatoa spika ndogo ya ukubwa wa ngumi, akaiunganisha na simu, akaifungua hadi mwisho. Ikatoka sauti ya bundi, kubwa kuliko ya bundi yeyote niliyepata kumsikia.

Dume alikuja palepale. Akatua tawi la kimo cha mlango, kichwa anakizungusha huku na huku anamtafuta huyo anayelia. Flashi zikaanza, watu sita kwa pamoja. Yale macho ya manjano anayafumba, anayafumbua, anayafumba. Akaruka, akajigonga kwenye kuti la mpapindi, akarudi tawini vilevile kwa sababu sauti bado inamwita. Dakika 25. Niliangalia saa.

Kwa asiyejua: ndege yule haji kwa kupenda. Anadhani bundi mwengine kamwingilia kwenye eneo lake, anakuja kulipigania. Muda wote huo hawindi, hali, na mwenzake kamwacha. Msimu wa wageni kundi hili likiondoka leo, kesho linakuja jengine, na ndege ni yuleyule kwa sababu mti wake umeshajulikana.

Nikamwendea kijana nikamwambia, "Mwanangu, inatosha, mzime huyo."

Akanijibu kwa adabu, sitomsingizia: "Ami, hawa wametoka mbali na wamelipa. Wakikosa picha mimi silipwi."

Basi hapo ndipo nilipochemka. Nani kamwekea kijana huyu sharti kuwa bila picha hakuna malipo? Anayechukua pesa za wageni na kumtuma mtoto msituni na spika ndiye ninayemlaumu kabla ya mtoto mwenyewe.

Na si bundi tu. Popo wetu mkubwa, naye ni wa Pemba peke yake, aliwindwa na kuliwa hadi miaka ya 1980 alikuwa karibu kumalizika. Amerudi kwa sababu wanavijiji walikubali kuyalinda makundi ya popo hao. Leo mtu anasimama chini ya mti mchana kweupe anapiga makofi, popo wote waruke, picha ijae! Jike anaruka na mtoto kamshikilia kifuani. Mwaka jana niliokota mtoto mmoja wa popo aliyeanguka. Kucha zake zilinasa kwenye shati langu, hataki kuachia, ananitazama tu. Hakufika Laasiri.

Najua kuna atakayeandika hapa kuwa utalii unaleta pesa. Unaleta, na wanangu wanakula humohumo. Lakini mgeni anamfuata bundi aliye hai kwenye mti wake. Akihama, mtamwonesha kunguru?

Inaniuma zaidi kwa sababu sisi wenyewe tumekulia kuambiwa bundi ni uchuro, tukampiga mawe. Nimebishana na majirani zangu miaka mingi mpaka watoto wa mtaani kwetu wakaacha. Halafu anakuja mtu mwenye kamera ya mamilioni, anayejiita mpenda ndege, anamtesa kwa starehe.

Ninachotaka hakina ugumu. Spika zisiingie msituni usiku. Flashi zizimwe, kamera za sasa zinaona kizani, mwenye tochi aifunge kitambaa chekundu na aimulike chini. Akionekana, dakika chache, muondoke. Na nyinyi mnaorushiana ile sauti ya bundi kwenye makundi ya picha, ifuteni leo. Mti wake pia msiutaje, tena msiweke ramani.

Namba ya gari ninayo. Hapa siiweki, nimeipeleka Jumatatu kwa wanaohusika pamoja na saa na pahala. Wakinijibu nitaandika hapahapa, na wasiponijibu pia nitaandika.