Ushauri: Wanafunzi wanahamisha namba bila kujua wanachofanya. Niwafundisheje milinganyo?

Mwalimu wa Kata (Moshi)

Habari za kazi, walimu wenzangu, pamoja na wazazi mnaofuatilia masomo ya watoto.

Ninafundisha Hisabati kidato cha kwanza na cha pili katika shule moja ya kata iliyo pembezoni mwa Moshi, na ninaomba ushauri kuhusu milinganyo yenye namba moja isiyojulikana. Wanafunzi wangu wengi wametoka darasa la saba wakiwa na kanuni moja tu kichwani: namba ikivuka alama ya sawasawa, badili alama yake. Kanuni hiyo inawafikisha salama wanapopewa x + 7 = 12. Nikiwapa 3x + 5 = 20, wapo wanaofika 3x = 15 vizuri kabisa, kisha wanaandika x = 15 − 3 na kupata 12, kwa hoja kwamba 3 nayo imevuka, kwa hiyo ni lazima itolewe. Ukimwuliza mtoto huyo sababu ya kutoa, anakujibu kwa unyoofu kwamba ndivyo walivyofundishwa.

Jambo la pili ninaliona ninaposahihisha madaftari. Mwanafunzi anaandika kazi yake yote katika mstari mmoja, hivi:

3x + 5 = 20 = 20 − 5 = 15 = 15 ÷ 3 = 5

Jibu lake la mwisho ni sahihi, na anashangaa ninapoupiga mstari huo kalamu nyekundu, ilhali alichokiandika kinadai kwamba 20 ni sawa na 15, na 15 ni sawa na 5. La tatu ni namba hasi. Kwenye 4 − x = 9 karibu darasa zima linaandika x = 5 na kuendelea na swali linalofuata bila wasiwasi wowote.

Darasa lina wanafunzi zaidi ya 70, vitabu havitoshi, na lugha ya kufundishia imebadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, hivyo mara nyingine ni vigumu kutambua kama kilichomshinda mtoto ni hesabu yenyewe au ni sentensi ya swali. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unawangoja, na aljebra ndiyo inayobeba mada nyingi zinazofuata. Asiyeweza kuutatua mlinganyo hataweza kutafuta muda kutokana na kasi na umbali katika Fizikia, wala kukokotoa moli katika Kemia. Ninaomba mnishauri nirudi nyuma kiasi gani, na nianzie wapi hasa.

Chaki Nyeupe (Arusha)

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Kwa maoni yangu, makosa mawili ya kwanza uliyoyataja yana mzizi mmoja, nao ni kwamba watoto hao wanaisoma alama ya sawasawa kama amri ya kutoa jibu. Kwa miaka yote ya shule ya msingi wamekutana nayo mwishoni mwa hesabu, upande wa kulia ukiwa wazi unasubiri namba moja, na hakuna aliyewaonyesha kwamba pande zote mbili zina hadhi ileile. Kabla hujafundisha lolote, waandikie ubaoni swali hili bila maelezo:

8 + 4 = ☐ + 5

Wengi wataandika 12, na baadhi wataandika 17 kwa kujumlisha kila kinachoonekana. Watafiti wa elimu huko Marekani waliwapa watoto swali hilihili na wakakuta majibu hayo mawili yametawala, kwa hiyo usifikiri kwamba wanafunzi wako wana upungufu wa pekee. Anayejibu 12 hajawa tayari kwa x, hata kama anaweza kukariri hatua zote.

Tiba yake haihitaji muda mrefu. Mimi huanza vipindi kadhaa kwa dakika chache za kweli au si kweli: 9 = 4 + 5; 7 = 7; 6 + 8 = 7 + 7; 37 + 25 = 38 + 24. Ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mwanafunzi anayeelewa usawa hahitaji kujumlisha chochote. Anaona kwamba 37 imeongezeka 1 na 25 imepungua 1, basi. Huwaeleza pia kwamba alama hiyo ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, aliyechagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Wanafunzi huikumbuka sababu hiyo kwa muda mrefu.

Baada ya hapo, kabla ya kutatua, waulize x imefanyiwa nini. Katika 3x + 5, x imezidishwa kwa 3, kisha ikaongezwa 5. Kilichofanywa mwisho ndicho kinachofunguliwa kwanza. Hapa uwe mwangalifu, kwa sababu mwanafunzi makini atakuuliza kwa nini tunaanza kutoa ilhali MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inatanguliza kugawanya. Mjibu kwamba MAGAZIJUTO ni utaratibu wa kukokotoa tunapoijua x, na sasa tunarudi kwa njia ileile kutokea mwisho. Kisha andika kila hatua katika mstari wake, alama za sawasawa zikiwa zimepangwa wima:

3x + 5 = 20
3x + 5 − 5 = 20 − 5
3x = 15
3x ÷ 3 = 15 ÷ 3
x = 5

Usiwaruhusu kuuruka mstari wa pili wala wa nne kwa wiki za mwanzo. Hiyo mistari inayoonekana kama kupoteza wino ndiyo inayoonyesha kwamba 5 haikuhamia popote. Imetolewa pande zote mbili. Vilevile inaziba mwanya wa kosa lako la kwanza, kwa kuwa anayelazimika kuandika 3x − 3 = 15 − 3 ataona mwenyewe kwamba x bado haijabaki peke yake.

Tuisheni ya Jioni (Arusha)

Ninaheshimu maelezo hayo, lakini sikubaliani na dalili ya kuitupa kabisa kanuni ya kuhamisha. Muhtasari ni mrefu, mwaka una likizo na mitihani ya ndani, na mwanafunzi anayeandika mistari mitano kwa kila swali hataumaliza mtihani. Wengi wetu tulisoma kwa kuhamisha na tukafaulu. Mwalimu awaambie wazi kwamba kilichojumlishwa kinatolewa na kilichozidishwa kinagawanya, awape mazoezi mengi, nao watazoea.

Mwalimu Mstaafu (Machame)

Mwanangu wa Tuisheni, ninaielewa hoja yako, kwa sababu nami nimekimbizana na muhtasari kwa miaka mingi. Kuhamisha si dhambi. Ni ufupisho wa kazi ambayo mtu ameshaifanya kwa urefu hadi ameichoka, na mwanafunzi akifika hapo atafupisha mwenyewe bila kuambiwa. Tatizo la mwenzetu wa Moshi ni kwamba watoto wake wamepewa ufupisho wa kitu ambacho hawajawahi kukiona kwa ukamilifu. Mazoezi mengi juu ya msingi huo yanakomaza kosa lilelile.

Kwako Mwalimu wa Kata, wachoree mizani ya sahani mbili, ile ambayo bado ipo katika maduka ya vijijini, yenye mawe ya kilo upande mmoja na bidhaa upande wa pili. Usiichore kwa x + 7 = 12, ambayo wanaijua. Ichore kwa 2x + 3 = x + 8: upande mmoja mifuko miwili iliyofungwa na kilo 3, upande mwingine mfuko mmoja wa aina hiyohiyo na kilo 8. Ondoa mfuko mmoja kila upande, kisha ondoa kilo 3 kila upande, na mfuko uliobaki utakuwa na kilo 5. Mlinganyo wenye x pande zote mbili huwatisha watoto, na hapo wanaushinda kwa macho.

Hata hivyo, mizani ina mwisho wake, na walimu wengi hawasemi. Kwenye 4 − x = 9 huwezi kuchora mfuko unaopungua, wala jibu lenyewe haliwezi kupimwa kwa kilo. Hapo iache mizani na ubaki na sheria iliyotokana nayo, yaani kuzitendea pande zote mbili jambo moja. Jumlisha x kila upande ili iondokane na alama ya kutoa: 4 = 9 + x. Toa 9 kila upande: −5 = x. Kisha wafanye wairudishe katika mlinganyo wa mwanzo: 4 − (−5). Asiyejua kwamba hiyo ni 9 hana tatizo la milinganyo. Ana tatizo la namba hasi, na ni lazima utenge vipindi viwili au vitatu vya namba hasi kabla ya kuendelea. Ninyi mlio Moshi mna mfano mbele ya macho. Ikiwa mjini ni nyuzi 24 za sentigredi na juu kwenye barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni nyuzi 7 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi ngapi? Watoto watahesabu kwenye mstari wa namba, 7 hadi sifuri na 24 zaidi, wapate 31, nawe utawaonyesha kwamba walichokifanya kinaandikwa 24 − (−7). Sheria ya hasi mbili kuwa chanya itakuwa imetoka mikononi mwao.

Mwalimu wa Kata (Moshi)

Shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru nyote. Nimewapa wanafunzi wa mkondo mmoja lile swali la 8 + 4, na kweli 12 imetawala, hata kwa wale ninaowategemea. Mstari mmoja kwa kila hatua nimeshauanza.

Ninaomba msaada pia katika maswali ya maneno. Mwanafunzi anayetatua 3x + 2,000 = 32,000 bila shida anakaa kimya ukimpa habari hiyohiyo kwa sentensi. Wengine wanachukua namba zote zilizo katika swali na kuzijumlisha.

Mama wa Njiro (Arusha)

Mwalimu, mimi ninafundisha darasa la saba, na hili ndilo eneo ninalolihangaikia kuliko yote, kwa sababu mlinganyo ambao mtoto hakuutunga mwenyewe anautatua kama kazi ya mtu mwingine.

Anza na kosa lililofichika. Waambie wanafunzi: katika genge, machungwa ni mara nne ya maembe, andika mlinganyo ukitumia c kwa machungwa na m kwa maembe. Wengi wataandika 4c = m, kwa sababu wanafuata mpangilio wa maneno na wanaisoma c kama chungwa lenyewe. Wape embe 10, waulize machungwa ni mangapi, wataje 40 bila kusita, kisha waziweke namba hizo katika mlinganyo wao waone kwamba 160 imedaiwa kuwa sawa na 10. Herufi inasimama badala ya idadi, kamwe haisimami badala ya tunda. Kwa sababu hiyo, mstari wa kwanza wa kila swali la maneno katika darasa langu ni sentensi kamili: tuseme x ni bei ya mkungu mmoja kwa shilingi. Anayeandika "x ni ndizi" anairudia.

Kisha, usiwadai mlinganyo mara moja. Wadai makisio. Chukua swali lako: mama amenunua mikungu 3 ya ndizi katika soko la Mbuyuni, akalipa shilingi 2,000 za kubebewa mzigo, na jumla ametumia shilingi 32,000. Mwambie mtoto akisie bei ya mkungu. Akisema 8,000, aandike 3 × 8,000 + 2,000, apate 26,000, ambayo haitoshi. Akisema 9,000, aandike vilevile, apate 29,000. Akishaandika mistari miwili ya aina hiyo, mwulize ni kitu gani kinachobadilika katika mistari hiyo na ni kipi kinachobaki. Ataona mwenyewe kwamba 3 na 2,000 hazitikisiki, na kwamba makisio ndiyo yanayobadilika. Mwambie aweke x mahali pa makisio na 32,000 mahali pa jumla, na mlinganyo umepatikana. Mwanafunzi aliyepita hapo hajumlishi tena namba zote za swali.

Kuhusu lugha, waruhusu wasimulie swali kwa Kiswahili kwa jirani zao kabla ya kuandika. Al-Khwarizmi, aliyeandika juu ya aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, alieleza milinganyo yake yote kwa maneno bila herufi hata moja, kwa hiyo kuanza kwa maneno hakumpotezei mtoto chochote.

Chaki Nyeupe (Arusha)

Ninaongeza mawili. Kwa wanafunzi 70 huwezi kusahihisha mistari mitano ya kila mmoja kila siku. Toa swali moja dakika za mwisho za kipindi, kwenye nusu karatasi, na uyagawe majibu katika mafungu matatu kwa kuyatazama tu: waliokosea usawa, waliokosea namba hasi, na waliopatia. Kesho yake utajua uanze na nini. Jibu lisilo na uhakiki chini yake, yaani x kurudishwa katika mlinganyo wa mwanzo, usilipe alama zote hata likiwa sahihi.

La pili ni sehemu, ambazo utakutana nazo muda si mrefu. Kwenye x/2 + x/3 = 10, mwanafunzi atatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3, apate 6, azidishe upande wa kushoto na kuandika 3x + 2x = 10, akiusahau upande wa kulia. Kama mmeshazoea kuandika kitendo pande zote mbili, mstari wake utakuwa 6 × (x/2 + x/3) = 6 × 10, na 60 haitampotea: 5x = 60, x = 12. Uhakiki ni 6 + 4 = 10. Anza na sehemu zenye x peke yake kwenye kiasi, yaani juu ya mstari wa sehemu, kama hizi, na uziache zile za (x + 1)/2 hadi wawe wameshika mabano.