Mjadala: Damu ya Justine iko mikononi mwa nani?

Ndugu zangu, hoja hii ya nani alaumiwe katika riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley nimeifuatilia tangu ilipowekwa mezani, na naona tumegawanyika kambi mbili. Kambi moja inamlaumu Victor Frankenstein, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani, aliyeunda kiumbe kwa viungo vya maiti, akamtia uhai usiku wa Novemba, kisha akamkimbia kwa sababu ya sura yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na huyu hakulelewa hata siku moja. Kambi ya pili inasema mwuaji ni mwuaji, awe ameumbwa na nani. Dada yetu mmoja anayefundisha fasihi akajaribu kuumaliza ubishi: zimwi halina dhamiri, kwa hiyo lawama yote imrudie aliyelitengeneza.

Dada yangu, kwa heshima zote, hapo siwezi kukufuata. Naomba tuviweke pembeni vifo vingine vyote tumwangalie mtu ambaye katika michango yote hii hajatajwa: Justine Moritz.

Kwa ambao hawajaisoma: Justine ni binti wa kazi nyumbani kwa akina Frankenstein, Geneva. Mdogo wake Victor, William, anakutwa amekabwa koo hadi kufa. Shingoni mtoto alikuwa amevaa picha ndogo ya marehemu mama yake, na picha ile inakutwa kwenye nguo za Justine. Hawezi kueleza imefikaje pale. Majaji wanapiga kura, kura zote zinatoka nyeusi, yaani ana hatia. Kesho yake anauawa.

Kuna jambo kabla ya kifo hicho ambalo kila nikilisoma linanichoma. Justine anakiri kosa asilolitenda. Elizabeth, mchumba wa Victor, ambaye alisimama kumtetea mahakamani, anapomwuliza kwa nini, anajibu kwamba padri aliyemwungamisha alimwandama kwa vitisho vya kutengwa na kanisa na moto wa jehanamu, mpaka akakaribia kuamini kwamba yeye ndiye zimwi alilolisema padri. Someni hapo polepole. Neno lile halimwangukii kiumbe peke yake. Linabandikwa pia kwa msichana maskini aliyefiwa na mama na ndugu zake wote.

Sasa Victor. Alijua. Usiku aliorudi Geneva alimwona kiumbe wake kwa mwanga wa radi, karibu na mahali William alipouawa, akaelewa papo hapo nani aliyemwua mdogo wake. Siku ya kesi akanyamaza. Sababu anayotoa ni kwamba angeonekana mwendawazimu, na maneno yake yasingemwokoa Justine. Kwa muda mrefu niliikubali sababu hiyo, nani angemwamini? Lakini fungueni sura za mwisho. Baada ya Elizabeth kuuawa na kiumbe usiku wa harusi yao na baba wa Victor kufa kwa majonzi, Victor huyo huyo anakwenda kwa hakimu, Geneva hiyo hiyo, na kusimulia kisa chote. Hakimu anaanza kwa kutoamini, kisha anasikiliza kwa makini. Imani inamtoka tena anapoombwa achukue hatua. Kumbe mdomo ulikuwepo! Kwa kisasi chake ulifunguka, kwa roho ya mtumishi ulifungwa. Mimi simlaumu sana kwa kuunda. Namlaumu kwa siku ile ya kesi, alipotoka mahakamani na siri yake kifuani.

Na kiumbe? Hapa napingana na wanaomtetea, ingawa nami ananiliza. Mwanzoni ni mwema kweli. Anaikatia kuni familia ya De Lacey, majirani wa maficho yake, usiku bila wao kujua, na lugha anajifunza kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta. Anamwokoa msichana asizame mtoni, malipo yake risasi. Hata William anamwendea kwa matumaini kwamba mtoto hajafundishwa bado kuchukia sura ya mtu, na mtoto anapiga kelele kwamba ni zimwi linataka kumla. Mpaka hapo naweza kusema maumivu yalimzidi. Lakini ile picha? Kuivua shingoni mwa mtoto, kutembea nayo, kumkuta msichana asiyemjua na kuitia kwenye mikunjo ya gauni lake, hiyo si hasira tena, ni hesabu. Mwenyewe anamwambia Victor, kule juu kwenye barafu ya Chamonix, milimani Alps, kwamba ubaya huo alifundishwa na sheria za wanadamu za kumwaga damu. Alijua mtu huhukumiwa kwa anavyoonekana, kwa sababu ndivyo alivyohukumiwa yeye kila alipokanyaga. Akamfanyia mwingine.

Mary Shelley mwenyewe alilirudia tukio hili. Katika toleo la kwanza, lililotoka Januari 1818 bila jina lake, kiumbe anamnyemelea Justine na kuiweka picha, basi. Katika toleo la 1831 Justine amelala ghalani. Kiumbe anainama juu yake, anatamani kupendwa, anahofia akiamka atamlaani, ndipo anapoamua huyu alipie yote ambayo yeye hatayapata kamwe. Baada ya miaka 13 mwandishi angeweza kumpunguzia mzigo. Aliuongeza.

Halafu dada yangu, hoja ya kwamba hana dhamiri inasikika kama huruma, lakini ina historia mbaya. Mwaka 1824, Bunge la Uingereza likijadili watumwa wa visiwa vya Karibi, George Canning, Waziri wa Mambo ya Nje, alikitoa kisa hiki kama mfano. Kumwachia mtumwa huru ghafla, alisema, ni kama kuunda mtu mwenye nguvu zote za mwili lakini asiyeweza kutambua jema na baya. Watu wale walibaki utumwani, na sheria ya kuukomesha ilipitishwa 1833. Canning hakuisoma riwaya vizuri. Kiumbe anayesimama mwishoni mwa riwaya mbele ya maiti ya Victor, ndani ya meli, akimwambia nahodha Walton kwamba hakuna amchukiaye kama anavyojichukia mwenyewe, anatambua baya vizuri sana.

Kwa hiyo wanaotaka lawama igawanywe nusu kwa nusu, mimi sigawanyi. Kifo cha Justine ni cha Victor chote, na ni cha kiumbe chote. Kosa la mmoja halipungui hata chembe kwa kuwa mwenzake naye alikosa. Binti yule alikufa bila hata kujua kwamba kiumbe huyo yupo duniani.

Mnaomtetea, nasubiri majibu yenu. Msianze na upweke wake, huo nimeukubali. Anzeni na ile picha.