Waandaaji wa tripu za Mbeya na Nyasa, acheni kutuuzia milima kisha mkatupitisha usiku

Wakuu, habari za muda huu. Moderaita, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa vivutio vya kusini. Huu ni wa malalamiko, na nimekuja nao moto moto.

Kuna hawa jamaa wa hapa Dar wanaoandaa tripu za makundi. Kila sikukuu ikikaribia wanabandika bango: Mikumi, Kitonga, Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Matema, Kitulo, siku 4, kosta yenye kiyoyozi, malazi na chakula juu yao. Pasaka hii nimelipa kwa mmoja wao. Jina silitaji, kwa sababu nimesoma ratiba za wenzake na zote ni zile zile, wananakiliana mpaka makosa ya tahajia. Nataka wasome wote.

Watu tumelipa hela kwenda kutazama milima na maziwa. Tumepitishwa karibu yote gizani.

Tuanze na ratiba. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Wao wameandika tunatoka saa 11 alfajiri, saa 11 jioni tuko Mbeya tunapumzika. Hesabu hiyo imetoka kwenye ramani ya simu, na aliyeinakili hajawahi kuipita barabara ile akiwa na abiria. Kwanza kosta yenyewe ilizunguka kuokota watu, Mbagala, Tegeta, Tabata, halafu ikamsubiri mmoja Kimara. Tumeivuka Kibaha saa 4 asubuhi. Hapo bado mizani ya Vigwaza, na gari lolote la zaidi ya tani 3.5 lazima liingie. Kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki wako kazini, wanafanya kazi yao. Ndani ya hifadhi ya Mikumi ni matuta na mwendo wa taratibu, na ndivyo inavyotakiwa, maana twiga na tembo wanavuka pale. Hayo yote yanajulikana. Muulize dereva yeyote wa basi la Mbeya pale stendi ya Mbezi atakuhesabia bila hata kufikiri.

Matokeo yake jua limezama tukiwa ndiyo kwanza tunatoka Mikumi mjini. Anayeijua njia ile anaelewa ninachosema. Kuanzia pale mpaka Ilula ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwenye barabara nzima ya kwenda Mbeya. Unaingia korongo la mto Ruaha, unatokea Bonde la Mibuyu, mibuyu mikubwa imejaa pande zote mbili hadi juu milimani, unafika Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya barabara, kisha unaanza kupanda Kitonga. Tumeyapita hayo yote tukitazama taa za gari la mbele. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, amekuja na mumewe, tangu Chalinze anauliza mibuyu iko wapi. Alipoambiwa "ndiyo hii tunaipita sasa hivi" alifungua dirisha akachungulia, akafunga.

Na Kitonga usiku siyo jambo la kuchekea. Barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima, upande huu mwamba, upande wa pili shimo. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya kwanza, moja likizimika foleni inarudi hadi chini. Tulikuta matawi ya miti yametandikwa barabarani, ile alama kwamba mbele kuna gari bovu. Utingo anakimbia nyuma ya lori na jiwe mkononi, kila likirudi nyuma kidogo analisukumia chini ya tairi. Harufu ya breki imejaa ndani ya kosta. Dereva wetu alikuwa mmoja, ameshika usukani tangu alfajiri. Sheria inataka madereva 2 kwa gari la abiria kwenye safari inayozidi saa 8. Nilipomuuliza muandaaji dereva wa pili yuko wapi, akanijibu kwamba "huyu kazoea". Kazoea nini? Kusinzia mbele ya watoto wa watu?

Tumefika Iringa saa 6 usiku. Abiria tukagoma, tukasema hapa tunalala. Hoteli tukajilipia wenyewe.

Kuanzia hapo ratiba yote ikawa ya kukimbizana. Ziwa Ngosi tumefika chini ya mlima saa 11 jioni. Kwa wasiolijua, Ngosi ni ziwa la kreta kwenye milima ya Poroto, huwezi kushuka kwenye gari ukaliona. Unaingia msituni kwa miguu, unapanda kwa muda wa kutosha, njia ya udongo inateleza mvua ikinyesha, na ukifika ukingoni unaweza kukuta ukungu umelifunika lote. Ni la kupanda asubuhi. Kijana mwongoza wageni alikataa kutupandisha, na alikuwa sahihi kabisa. Muandaaji akaanza kumfokea! Tukashuka Tukuyu usiku, kwenye ukungu, malori ya Malawi yanapishana nasi, migomba na mashamba ya chai tumeisikia kwa jina tu. Mlima Rungwe wenye karibu mita 3,000 umesimama pale pale, hakuna aliyeuona. Pale tulipoambiwa tumewekewa vyumba, mhudumu akafungua daftari: hakuna jina letu.

Matema, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tulifika, nashukuru, tena mchana. Milima ya Livingstone inateremka moja kwa moja hadi ziwani, maji yametulia, mitumbwi imepangwa mchangani. Mtu angekaa pale siku nzima. Tulipewa muda wa kula wali samaki na kupiga picha, tukapigiwa honi.

Kitulo, ile hifadhi ya maua kule juu milimani, ndiyo ilinimaliza. Ratiba inasema tutapanda kutokea Chimala kwa barabara ya Hamsini na Saba. Wakuu, ile barabara inaitwa hivyo kwa sababu ya kona zake, inaupanda ukuta wa mlima hadi Matamba. Mnapelekaje kosta pale katikati ya masika, na dereva ambaye hajawahi kufika? Vijana wa bodaboda pale Chimala walilitazama gari, wakatazama matairi, wakasema hii leo haipandi. Basi, tukageuza. Kitulo maua yake yanachanua kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo maua na matope vinakuja pamoja. Ukiuza Kitulo kipindi hicho lazima uwe na magari ya kuhimili tope, ama uwaambie watu mapema kwamba inategemea mvua. Bango halikusema hivyo.

Sasa mniambie ugumu uko wapi. Siku ya kwanza mtu anatoka Dar kabla ya adhana ya alfajiri, abiria wote wamekutana sehemu moja, analala Iringa. Mibuyu na Kitonga anaziona mchana kweupe. Siku ya pili Iringa hadi Tukuyu, anafika jua bado lipo. Ya tatu Ngosi asubuhi, Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba wa asili juu ya mto Kiwira, mchana. Kisha Matema na kulala huko, na siku moja ya akiba kwa ajili ya mvua. Kurudi analala tena Iringa. Hiyo ni wiki nzima, na bei itapanda, sawa, semeni hivyo hivyo, wenye uwezo watalipa.

Kama watu wana siku 4 tu, wapelekeni Lushoto. Unapita Chalinze, Segera, unafika Mombo, unaanza kupanda Usambara kwa kona za Soni, unaona maporomoko, unafika Irente unaitazama nyika yote kule chini. Safari haifiki nusu ya ile ya Mbeya. Mlima upo, kona zipo, baridi ipo, na kila kitu unakiona kwa jua.

Nimeandika haya yote kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa heshima kabisa, nikiomba turudishiwe hela ya Kitulo, ya Ngosi na ya usiku wa Iringa. Nikajibiwa kwamba hela ikishalipwa hairudi, kisha nikatolewa kwenye kundi. Wenzangu watatu waliouliza swali hilo hilo nao wametolewa.

Ratiba ninayo, bango ninalo, miamala yote ya malipo ninayo, na jina la yule mhudumu aliyefungua daftari ninalo. Muandaaji, najua unapita humu. Namba yangu unayo. Nasubiri hela yangu na ya wale wenzangu, ya yule mama ikiwa ya kwanza.