Mjadala: Je, filamu za kale za nyeusi na nyeupe zinanufaika na diski za ubora wa juu?

Ninawajibu wale wanaosema kwamba filamu isiyo na rangi haina cha kuongezewa, kwamba DVD inatosha, na kwamba kuinunua tena katika diski za ubora wa juu, yaani Blu-ray au 4K iliyo kali zaidi, ni kulipia kitu kilekile mara ya pili. Siikubali hoja hiyo, ingawa ina upande mmoja ninaouheshimu.

Rangi humsaidia sana mtazamaji: hata picha ikififia, jicho bado hutenganisha shati jekundu na ukuta wa kijani. Rangi ikikosekana, kazi yote hubaki kwa ngazi za kijivu na ukali wa mistari, na vikififia hivyo, shati na ukuta huwa doa moja. Ndiyo maana ninaamini filamu hizi ndizo zinazoumia zaidi zinapobanwa katika mistari 480 au 576 inayounda picha ya DVD, ilhali Blu-ray ina mistari 1,080 na negativu nzuri ya milimita 35, yaani mkanda wa asili uliopigiwa picha ndani ya kamera, hubeba zaidi ya hapo.

Chukueni filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941, ambayo mpiga picha wake, Gregg Toland, alikusudia vitu vya karibu na vya mbali vionekane kwa ukali uleule. Mama anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mtu wa benki, na nyuma kabisa, dirishani, mtoto anacheza kwenye theluji bila habari. Uchungu wote wa onyesho hilo umo katika kumwona yule mtoto. Akigeuka kuwa nukta inayotetemeka, tunabaki na watu wazima watatu wanaozungumzia karatasi.

Filamu hiyohiyo inatuonyesha pia hatari ilipo. Katika DVD ya mwaka 2001, usafishaji wa picha kwa kompyuta ulifuta mvua inayonyesha nje ya dirisha wakati mhusika mzee Bernstein akihojiwa ofisini, na mvua hiyo ilirudi katika Blu-ray ya mwaka 2011. Kwa hiyo nyuso zilizolainishwa mpaka zikafanana na nta zisihesabiwe kuwa kosa la ubora wa juu, bali la msafishaji asiyejua pa kukomea. Chembe zinazochezacheza kwenye picha si vumbi. Zimetokana na madini ya fedha yaliyomo katika mkanda, nazo ndizo picha yenyewe.

Upande ninaouheshimu ni huu: watazamaji wa zamani sinemani waliona kopi iliyotokana na kopi nyingine, na mafundi wa vipodozi na wachoraji wa mandhari walifanya kazi wakijua kwamba sehemu ya undani ingepotea njiani. Negativu ikiskaniwa moja kwa moja, huweza kufichua alama za brashi ambazo hazikukusudiwa kuonekana na mtu yeyote. Nakubali kwamba hapo tunapewa zaidi ya walichopewa wao, na naona ni wajibu wa warekebishaji kulinganisha kazi yao na kopi za wakati ule kabla ya kuamua kiasi cha mwanga na giza.

Hata hivyo, ziko filamu ambazo kazi hii imeziokoa. Negativu za Pather Panchali, filamu ya Satyajit Ray ya mwaka 1955, ziliungua katika moto jijini London mwaka 1993, zikahifadhiwa na Academy ya Marekani, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, zikiwa zimekauka na kujikunja. Mafundi wa Bologna, Italia, walizirudishia unyevu, wakazitengeneza kwa mkono na kuziskani, na palipoharibika kabisa wakatumia kopi nyingine, mpaka toleo jipya la 4K likaonyeshwa mwaka 2015. Anayeshikilia kwamba DVD inatosha ningependa aliangalie katika toleo hilo onyesho la watoto wawili wanaokimbilia treni, kisha atueleze kama moshi ule mweusi juu ya maua meupe ya nyasi ndefu aliwahi kuuona hivyo kabla.