Naomba ushauri: kocha mkuu mpya anamharibu kwotabeki wetu (mrusha pasi), tufanyeje kabla ya Jumamosi?

Bahari_Kavu (Jumatatu, Oktoba 2025, saa 3:12 usiku)
Wakuu habari za jioni. Nipo Marekani, na chuo ninachokifuatilia kwenye futiboli ya Kimarekani kipo daraja la juu, FBS, jina naomba nisilitaje. Kocha mkuu mpya kaja Desemba iliyopita. Tumecheza mechi 6, pasi zetu 9 zimenyakuliwa na kijana amekosa raha kabisa. Mwaka jana alikuwa anarusha vizuri. Mwaka huu kabadilishiwa hata namna ya kuweka mguu kabla ya mpira kutolewa. Mashabiki wamegawanyika, wengine wanamzomea yeye, wengine kocha. Mimi naona kosa ni la kocha asilimia mia. Naomba mnisaidie: nitalionyeshaje hilo kwa ushahidi ambao mtu hawezi kuupinga? Na je, kijana abaki au aondoke? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi. Naomba kuwasilisha.

Jicho la Filamu (saa 3:40 usiku)
Mkuu, usianze na jibu ukatafuta ushahidi nyuma yake. Anza na video, na ile ya televisheni haitoshi kwa sababu wapokeaji wanatoka nje ya picha mapema. Tafuta ya kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22.

Chukua kila pasi, siyo zilizonyakuliwa tu. Andika ni jaribio la ngapi (timu ina manne ya kupata yadi 10) na yadi ngapi zimebaki, wavamizi wangapi wamekuja, walinzi wangapi wamebaki kumkinga, na mabeki wa nyuma kabisa walikuwa wawili au mmoja kabla ya mpira kutolewa na baada yake. Kisha shika saa: kutoka mpira unapotolewa hadi unapoacha mkono wake. Sekunde 2.5 ndiyo kipimo changu. Akiangushwa kabla ya hapo, tazama ukuta wa mbele. Akiangushwa kwenye sekunde 3.5 na mtu alikuwa wazi, hilo ni lake.

Halafu zile 9 zigawe. Mpira uliguswa mkono pale mstarini mchezo unapoanzia? Mpokeaji alikatisha njia? Aliona beki mmoja na hakuona wa pili? Au aliona sawa lakini alichelewa? Kuchelewa kwa kawaida kunaanzia miguuni. Mtu wa mkono wa kulia aliyezoea kusimama na mguu wa kushoto mbele, ukimwambia asimame miguu sambamba, anaongeza nusu hatua bila kujua. Kwenye pasi fupi ya pembeni nusu hatua ile ndiyo anayoipata beki.

Jambo jingine: nani anatangaza mpango wa kumkinga? Kuna mifumo ambapo mchezaji wa kati anayetoa mpira ndiye anayemwonyesha kidole beki ambaye wakingaji wanaanza kuhesabu naye, kuna mifumo ambapo ni kwotabeki. Kocha mpya akihamishia kazi hiyo kwa kijana, kichwa chake kina jambo moja zaidi kila mchezo. Hilo halionekani kwenye takwimu yoyote.

Mzee wa Jumamosi (saa 4:05 usiku)
Haya yote tuliyaona chuo cha Alabama. Kocha mkuu Nick Saban alistaafu Januari 10, 2024, siku mbili baadaye wakamchukua Kalen DeBoer kutoka chuo cha Washington. Kwotabeki wao Jalen Milroe mwaka 2023 alikuwa na tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 23 za pasi na alinyakuliwa mara 6. Mwaka 2024 chini ya DeBoer: 16, na kunyakuliwa 11. Oktoba 5 wakafungwa na Vanderbilt 40-35, timu ambayo haikuwafunga tangu 1984. Novemba wakafungwa na Oklahoma 24-3, Milroe kanyakuliwa mara tatu. Watu wakasema DeBoer kamuua kijana.

Lakini tazama kwa utulivu. Siku ya Vanderbilt mpira ulikuwa mikononi mwa wapinzani dakika 42 kati ya 60. Kwotabeki aliyekaa benchi hawezi kulaumiwa, na kocha wa mashambulizi hawezi kulaumiwa kwa ulinzi. Pia Ryan Grubb, aliyepanga mashambulizi ya Washington wakati wa kwotabeki Michael Penix Jr., alikwenda timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks badala ya Tuscaloosa, mji wa chuo cha Alabama. Kazi ikamwangukia Nick Sheridan. Kwa hiyo kabla ya kusema "kocha mkuu", uliza nani hasa anaita michezo, yaani anachagua kila shambulizi.

Kisiki cha Mpingo (saa 4:31 usiku)
Mfano bora zaidi ni kwotabeki Joe Burrow pale chuo cha LSU. Mwaka 2018: tachidauni 16. Mwaka 2019: 60, na yadi 5,671. Kocha mkuu ni yuleyule Ed Orgeron miaka yote miwili! Aliyeongezwa ni Joe Brady, kusimamia mpango wa pasi. Kocha mkuu mara nyingi ni meneja tu.

Na wanaotaka kocha afukuzwe wahesabu kwanza. Texas A&M walipomwondoa kocha wao mkuu Jimbo Fisher Novemba 2023 walibaki na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75. Hakuna chuo kinachofukuza kocha wa mwaka wa kwanza kwa pasi 9.

Jicho la Filamu (saa 4:50 usiku)
Bahari_Kavu, nakuuliza kwa heshima. Habari ya mguu umeipata wapi? Shabiki wa jukwaani haioni. Na kwa nini kabla ya Jumamosi? Shabiki hana cha kuamua Jumamosi.

Bahari_Kavu (saa 5:02 usiku)
Nilisoma mahali.

Mama Zuhura (saa 5:10 usiku)
Kaka, hapa hatujuani, sema tu. Ukificha tutakupa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Bahari_Kavu (saa 5:38 usiku)
Sawa. Kijana ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Yupo mwaka wa pili. Msimu huu amecheza mechi 4. Mbili alianza kwotabeki mwenzake aliyemtangulia chuoni, mkubwa wake. Kuna mtu amenipigia, anasema mpwa wangu akicheza Jumamosi itakuwa ya tano na mwaka wake utahesabiwa. Asipocheza, anavaa redishati, yaani msimu hauhesabiwi, mwaka unabaki, na Januari kuna chuo kinamsubiri. Nimeshamwambia kijana aseme bega linamuuma. Dada hajui. Msinihukumu. Kocha huyu hamtaki, na mimi namlinda mtoto wetu.

Mama Zuhura (saa 5:55 usiku)
Hapana kaka. Kulinda ni jambo jema, lakini usimfundishe kijana kudanganya kwa mwili wake. Daktari wa timu atampima, picha itapigwa, bega zima litaonekana zima. Baada ya hapo hata siku akiumia kweli hawatamwamini.

Na kumbuka kwotabeki Matthew Sluka wa chuo cha UNLV, Septemba 2024. Timu imeshinda 3 kwa 3, akaacha kucheza ili abaki na mwaka wake. Upande wake ukasema aliahidiwa dola 100,000 hazikulipwa. Angalau aliacha hadharani, hakusingizia bega. Na timu haikumsubiri: Hajj-Malik Williams aliingia na wiki hiyohiyo wakaifunga Fresno State 59-14.

Yadi Kumi (saa 6:20 usiku)
Tuache maadili kidogo, kuna taratibu.

Msimu huu dirisha la potali (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo) la futiboli ni moja tu, Januari 2 hadi 16, 2026. Lile la Aprili limefutwa. Kwa hiyo hakuna uamuzi wa kuondoka unaotakiwa Jumamosi hii. Yeyote anayewaharakisha ana haraka zake.

Chuo kingine hakiruhusiwi kuzungumza naye, wala kupitia kwa mjomba, kabla jina lake halijaingia potali. Huyo "mtu" akisema chuo kinamsubiri, ama chuo hicho kinavunja sheria ama chuo hakipo. Muulize ana mkataba gani wa maandishi na nani. Mpwa wako naye asomewe na mwanasheria mkataba wake wa jina na sura (malipo ya kutumia jina na sura yake): mingi ina kifungu cha kurudisha fedha ukiondoka kabla ya muda. Akishaingia potali chuo kinaweza kusitisha ufadhili muhula ukiisha, na hakilazimiki kumrudisha akikosa pa kwenda.

Yupo kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi? Kama ndiyo, kuhama kunahitaji I-20 mpya (hati ya chuo ya viza hiyo) na rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni) ihamishwe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Hilo watu wetu wanalisahau hadi siku ya mwisho.

Bahari_Kavu (saa 6:31 usiku)
Ana kadi ya kijani. Na huyo mtu si tapeli, anawajua watu wengi. Mkataba wa maandishi bado, lakini tumeelewana.

Nahodha Msaidizi (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)
Samahani wakuu, mimi hii hadithi siiamini. Mwanzo anasema "pasi zetu 9 zimenyakuliwa na kijana amekosa raha". Baadaye kijana kacheza mechi 4 tu. Mwanzo ni shabiki, halafu kasoma mahali, halafu ni mjomba. Na siku tano kabla ya mechi anatuwekea kwamba kwotabeki atasema bega linauma. Habari ya namna hiyo inatafutwa na wacheza kamari. Kwotabeki akitoka, makadirio ya pointi yanasogea siku hiyohiyo. Ama umetunga, ama unatumia jukwaa kusambaza fununu.

Kisiki cha Mpingo (saa 1:40 asubuhi)
Nimerudi kusoma juu, kweli hesabu haikai. Wasimamizi wautazame uzi huu.

Bahari_Kavu (saa 2:05 asubuhi)
Jamani! Pasi 9 ni za timu. Za kwake ni 5, nne ni za mkubwa wake. Niliandika "zetu". Katika zake 5, mbili ziliguswa mkono pale mstarini, moja mpokeaji alisimama njiani, mbili alichelewa kurusha pembeni. Nimeziangalia usiku kucha. Sijawahi kucheza kamari, na chuo sijakitaja ili nisimwumize. Mtu atungе hadithi kama hii ili apate nini?

Jicho la Filamu (saa 2:30 asubuhi)
Mgawanyo huo haufanani na wa mtu anayetunga. Mtunzi angemtupia kocha zote tano. Mbili za kuchelewa pembeni zinaingiana na habari ya mguu. Ile ya mpokeaji kusimama: kama mfumo mpya una njia za kuchagua, ambapo mpokeaji na kwotabeki wanamsoma beki mmoja na kila mtu anaamua, basi Oktoba ya mwaka wa kwanza makosa hayo ni ya kawaida.

Lakini Nahodha ana hoja moja nzito. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hairuhusu mchezaji kutoa habari za ndani kwa watu wa kamari. Maneno ya bega yaondoe hapa sasa hivi, iwe kweli au siyo.

Bahari_Kavu (saa 2:34 asubuhi)
Nimeomba msimamizi ayafute.

Yadi Kumi (saa 2:50 asubuhi)
Nimelala na swali ambalo nilipaswa kuliuliza jana. Mwaka jana, mwaka wake wa kwanza, alicheza mechi ngapi?

Bahari_Kavu (saa 3:20 asubuhi)
Mwaka jana alikuwa msaidizi, aliingia mwishoni mwishoni tu. Aling'aa.

Yadi Kumi (saa 3:22 asubuhi)
Ngapi, kaka?

Bahari_Kavu (saa 3:41 asubuhi)
Tatu.

Yadi Kumi (saa 3:58 asubuhi)
Basi mpango wote umeanguka. Nisikilize taratibu. Mchezaji ana miaka 5 ya kucheza misimu 4, na miaka hiyo haisimami kumsubiri. Akicheza mechi 4 au pungufu, msimu huo hauhesabiwi. Mwaka jana alicheza 3, kwa hiyo redishati ameshaivaa, mwaka mmoja wa ziada umeshatumika.

Sasa hesabu. Akicheza Jumamosi: msimu huu ni wa kwanza, unabaki mwaka wa tatu, wa nne na wa tano. Asipocheza: unabaki mwaka wa tatu, wa nne na wa tano. Mitatu kwa mitatu! Anachopata kwa kukaa ni sifuri. Anachopoteza ni mechi 6 za kuonekana kwenye video, na hicho ndicho chuo kingine kitakachokitazama Januari.

Huyo mtu ama hajui kanuni, ama anajua na hakukwambia.

Bahari_Kavu (saa 4:30 asubuhi)
Alinihakikishia. Alisema amewafanyia vijana wengi. Na hata kama ni hivyo, kwa nini acheze chini ya kocha anayemharibu?

Mzee wa Jumamosi (saa 4:44 asubuhi)
Milroe huyo aliyeanguka kwa takwimu za pasi alikimbiza tachidauni 20 msimu huohuo, na Seattle wakamchagua raundi ya tatu ya uteuzi wa ligi ya kulipwa mwaka 2025. Wanaochagua wachezaji wanatazama zaidi ya pasi zilizonyakuliwa.

Jicho la Filamu (saa 5:10 asubuhi)
Akaongee na kocha wa makwotabeki, siyo kocha mkuu, na aende na mambo matatu. Kwanza mguu: arushiwe video ya zile mbili za pembeni na zile za mwaka jana sambamba, aombe arudi mguu wa kushoto mbele kwenye pasi fupi tu. Pili, nani anatangaza ukingaji. Aombe mchezaji wa kati aubebe kwenye jaribio la tatu. Tatu, redio ya kofia. Tangu 2024 kocha anaweza kuzungumza naye kofiani, lakini sauti inakatika saa inayohesabu kushuka kabla ya kila mchezo kuanza ikifika sekunde 15. Kama mchezo unaingia kwenye sekunde ya 18, kijana anabaki na sekunde 3 za maelezo. Ahesabu kwenye video ni mara ngapi timu imefika mstarini chini ya sekunde 10. Namba hiyo ndiyo ya kumwekea kocha mezani, na haimlaumu mtu.

Mama Zuhura (saa 5:25 asubuhi)
Na wewe mpigie dada yako kabla ya kijana hajampigia.

Bahari_Kavu (saa 12:48 jioni)
Nimempigia dada. Kanigombeza sana, sitaandika hapa. Kijana tumezungumza saa nzima, wote watatu. Bega hatalitaja. Yule mtu nimemwomba jina la chuo kwa maandishi, hajajibu tangu saa 7 mchana.

Kijana kahesabu mechi moja ya juzi: pasi 31, mara 12 wamefika mstarini chini ya sekunde 10. Hakuwa anajua. Atakutana na kocha wa makwotabeki Alhamisi baada ya mazoezi.

Jicho la Filamu (saa 1:05 usiku)
12 kati ya 31 ni nyingi. Azigawe kwa jaribio kabla ya Alhamisi, na aandike kwenye zipi alinyakuliwa au kuangushwa. Kama zile mbili za pembeni zimo humo, aanze mazungumzo na redio, mguu uje baadaye.