Darasa la watu 600, nikiuliza swali kimyaaa. Naombeni ushauri

Mhadhiri_Mpya:
Wakuu habari zenu. Semista hii nimepewa fizikia ya mwaka wa kwanza, wanafunzi kama 600 ukumbi mmoja, yaani wa nyuma hata sura zao sizioni. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitika ndiyooo, jaribio likija ni majanga. Wanaojibu maswali ni wale wale wa mbele, na viti vimefungwa chini kwa hiyo kuwapanga vikundi siwezi. Mnafanyaje?

Chaki Nyeupe:
Mkuu hilo "mmeelewa?" liache leo leo, nani atasema hapana mbele ya umati huo? Weka swali la kuchagua A hadi D kwenye projekta, kila mtu afikirie kimya halafu wote wanyanyue kadi yenye herufi ya jibu lao kwa pamoja. Waliopata wakiwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili hivi, waambie kila mtu abishane na jirani mwenye jibu tofauti, kisha wapige kura upya. Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza hii 1991, tena fizikia hiyo hiyo yako. Kazi ipo kwenye kutunga swali, majibu ya uongo yawe makosa wanayoyafanya kweli, sio ya kujazia. Mfano lori likigongana na gari dogo, lipi linasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi? Wengi watasema gari dogo, wakati nguvu ni sawa. Ukumbi utachemka.

binti_takwimu:
Jiandae na lawama za "huyu hafundishi". Kuna utafiti ulitoka 2019 hapo hapo Harvard, wanafunzi walioshirikishwa walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara, kumbe kwenye jaribio ndio walifanya vizuri zaidi. Waambie mapema.

Mzee wa Slaidi:
Na silabasi ataimaliza lini??

Chaki Nyeupe:
Mzee slaidi unamaliza wewe, wao je? Wasome kabla, darasani maswali mawili matatu yanatosha.

Mhadhiri_Mpya:
Na hawa wa nyuma?

binti_takwimu:
Wakibishana panda huko juu usikilize, ukirudi sema "nimesikia hoja hii, mnaionaje?" bila kumtaja mtu. Aibu inapungua.

Mhadhiri_Mpya:
Asanteni sana, ya lori naijaribu Jumatatu. Ila kadi za watu 600 nakata mimi? 😅

Chaki Nyeupe:
Hapana bwana, kila mtu akunje karatasi yake ipate sehemu nne, kila sehemu herufi moja kubwa, basi.