Ulinganisho: dizeli ya zamani, injini ya glo au mota ya umeme kwa mkutano wa ndege za nyaya huko Old Warden?

MgeniWaDuara ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaishi Luton na, panapo majaliwa, kiangazi hiki nitahudhuria kwa mara ya kwanza mkutano wa ndege za mfano za kizamani katika uwanja wa nyasi wa Old Warden, mashambani Bedfordshire, mahali ambapo Mkusanyiko wa Shuttleworth unatunza ndege halisi za kale, ikiwamo Blériot ya mwaka 1909. Sitaki kwenda kutazama tu. Nataka kuingia katika duara na kurusha ndege ya nyaya, yaani ile isiyotumia redio, ambayo rubani wake husimama katikati akiwa ameshika mpini wenye nyaya mbili za chuma, na ndege humzunguka huku nyaya hizo zikivuta wenzo mdogo ulio bawani, nao wenzo ukiinua au kushusha kibao cha mkiani.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni Phantom ya KeilKraft, muundo wa Kiingereza wa miaka ya 1940, niliyoinunua kwa muuza vitu vikuukuu ikiwa na injini ndogo ya dizeli, Mills 1.3, ambayo rafadha yake haizunguki hata kidogo. Ya pili ni kujenga Ringmaster, ndege ya nyaya ya Kimarekani, kwa kufuata ramani ya zamani na kuifungia Fox 35, injini ya glo, yaani ile inayowashwa kwa plagi yenye waya unaopashwa moto. Ya tatu ni Ringmaster hiyohiyo, lakini kwa mota ya umeme. Naomba mnielekeze, mkizingatia kwamba nimewahi kurusha mara nne tu, tena ndege ya mtu mwingine.

FundiWaBalsa amejibu:

Karibu sana, mwanangu. Kabla ya kulinganisha chochote, weka koleo chini. Mills iliyokwama kwa kawaida haijafa. Imegandishwa na mafuta ya nyonyo yaliyobaki ndani tangu siku iliyoruka mara ya mwisho, ambayo kwa miaka mingi hugeuka kuwa kama gundi ya kahawia. Ukiizungusha kwa nguvu utapinda kiungo cha pistoni, na kipuri chake hakipatikani dukani. Ipashe joto taratibu kwa mashine ya hewa moto, tia matone ya mafuta mepesi, subiri, kisha jaribu kwa mkono mtupu. Ikigoma, rudia kesho yake. Mimi niliwahi kurudia zoezi hilo kwa siku sita kwa injini moja, na siku ya saba ilizunguka kana kwamba haikuwahi kulala.

Dizeli hizi ndogo hazina plagi wala betri. Mchanganyiko wa mafuta huwaka kwa sababu ya kushindiliwa peke yake, na juu ya kichwa cha injini kuna skrubu yenye kishikio ambayo rubani huikaza au kuilegeza ili kubadili mshindilio. Hapo ndipo penye raha yake na hapo ndipo penye taabu yake, maana mgeni hupaswa kusikiliza mambo mawili kwa pamoja, sindano ya mafuta na skrubu ya mshindilio, na akiikaza skrubu wakati silinda imejaa mafuta, injini hufunga papo hapo. Kwa uzuri na kwa historia, hakuna kitakachowavuta wazee wa Old Warden kuja mezani kwako kama Phantom yenye Mills. Kwa kujifunza kuruka, nina shaka nayo.

Bi_Rafadha amejibu:

Shaka ya mzee ina msingi, nami naomba kuitilia tarakimu. Injini ya sentimita za ujazo 1.3 haiwezi kuvuta nyaya ndefu, hivyo tuseme utatumia mita 11. Ndege ya gramu 350 ikienda kilomita 65 kwa saa itamaliza mzunguko mmoja chini ya sekunde nne, na itavuta mkono wako kwa nguvu ya takriban kilo moja. Ringmaster ina mabawa ya sentimita 107. Ikiwa na uzito wa gramu 850 na kasi ya kilomita 80 kwa saa kwenye nyaya za mita 18, itachukua zaidi kidogo ya sekunde tano kwa mzunguko, na itavuta kama kilo mbili na nusu. Hiyo sekunde moja na zaidi ndiyo inayompa mwanafunzi nafasi ya kurekebisha kosa, nao mvuto mkubwa ndio unaozifanya nyaya zibaki zimekazwa upepo unaposukuma ndege kuelekea katikati. Waya ukilegea, huna usukani tena. Kuhusu kizunguzungu, macho yakibaki kwenye ndege na si kwenye miti iliyo nyuma yake, hupungua sana.

Ringmaster pia si ngeni katika mikutano ya kizamani. Aliichora Matt Kania kwa ajili ya kampuni ya Sterling ya Marekani, na hadi leo wapenzi wake katika nchi mbalimbali huirusha kila Oktoba na kuhesabu kwa pamoja idadi ya safari zake. Ukiifungia Fox 35 utasikia jambo ambalo mota ya umeme haitakupa: ndege ikienda usawa injini hunguruma kwa sauti nzito, na pua ikiinuka hubadilika yenyewe ikawa nyembamba na kali, ikiongeza nguvu pale hasa unapoihitaji.

NyonyoNaTaa amejibu:

Nakubaliana na dada Bi_Rafadha kuhusu ndege, ila kuhusu Fox amepitia haraka mno suala la mafuta. Injini za glo hutumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainishia na nitromethani kidogo. Betri ya volti moja na nusu hupasha waya wa plagi hadi uwe mwekundu wakati wa kuwasha, kisha injini hujiendesha. Mafuta ya glo yanayouzwa leo kwa ajili ya ndege za redio mara nyingi yana kilainishi kichache tena cha kutengenezwa kiwandani, nayo yanaweza kuiharibu Fox ya zamani upesi. Fox inataka kilainishi cha asilimia 25 au zaidi, na sehemu kubwa yake iwe nyonyo halisi. Waulize wenyeji wa mkutano mapema ni nani anayechanganya.

Dizeli nayo hutumia etha, mafuta ya taa na nyonyo, takriban theluthi kwa theluthi, pamoja na kiasi kidogo cha kemikali ya kurahisisha uwakaji. Etha huvukia mkebe ukiachwa wazi kwa dakika chache, na ikivukia, injini haitawaka hata ukiipiga rafadha hadi jioni. Tena harufu yake haitoki. Mimi nimeketi peke yangu katika behewa lililojaa abiria, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa karibu na mtu anayenuka kama kibatari.

UmemeTu amejibu:

Nami niseme neno kwa upande ulioachwa. Mota ya umeme huwaka kila mara, hukimbia kwa kasi ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kipima muda huizima baada ya dakika nne au tano bila ubishi. Katika mchana mmoja nimeruka mara kumi na moja, ilhali jirani yangu mwenye dizeli aliruka mara mbili na kufunga bendeji kidole kimoja. Kwa mtu aliyeruka mara nne maishani mwake, wingi wa safari una thamani kuliko sauti.

FundiWaBalsa amejibu:

Hoja ya UmemeTu ni nzito, wala siwezi kuikataa. Hata hivyo, mtu anayekwenda kwenye mkutano wa kizamani bila harufu ya nyonyo ni sawa na aliyekwenda harusini akakataa pilau.

Jambo moja zaidi, na hili linahusu njia zote tatu. Mwaka mmoja nilifika uwanjani nikiwa na haraka, nikaunganisha nyaya kwenye mpini bila kukagua, na waya wa kupandisha ukaenda mahali pa waya wa kushusha. Msaidizi akaiachia ndege, nikainua mkono, nayo ikazama. Ilidumu hewani chini ya nusu mzunguko, na kilichobaki nilikirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa mkate. Inua mpini, mtazame msaidizi, naye athibitishe kwamba kibao cha mkiani kimepanda. Hapo ndipo injini iwashwe. Pia funga kamba ya usalama ya mpini kwenye kifundo cha mkono, na usiruke kamwe karibu na nyaya za umeme, kwa kuwa nyaya zako ni za chuma na mwisho wake umo mkononi mwako.

MgeniWaDuara amejibu:

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Nimefuata ushauri wa hewa moto na jana usiku, siku ya tatu, Mills imezunguka, ngumu lakini imezunguka. Nimeamua Phantom iende Old Warden ikae mezani tu, ili yeyote anayeijua vizuri dizeli anifundishe kuisikiliza pale ilipo. Nitakayorusha ni Ringmaster yenye Fox. Nimeshampata mtu wa Bedford anayechanganya mafuta ya glo yenye nyonyo asilimia 28. Mbavu za bawa zimekwisha kukatwa. Kabla ya mkutano nitaomba kurusha angalau mara kumi kwa ndege ya umeme ya rafiki, ili Ndugu UmemeTu naye asiseme hakusikilizwa. Je, nyaya zenyewe mnazitofautishaje zikiwa zimelala kwenye nyasi?

Bi_Rafadha amejibu:

Paka rangi nyekundu ya kucha kwenye ncha zote mbili za waya wa kupandisha, na alama ileile kwenye mpini. Kisha fanya ukaguzi wa mzee hata hivyo.